Nilivyompa bosi neno la siri la swichi, Igogo

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Haya yalinitokea mimi, na mkosaji ni mimi.

Bosi aliponiambia nimfungulie swichi zote, nilipaswa kukataa. Sikukataa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru, viwanda vya minofu ya sangara vimejaa ufukweni Mwanza. Mimi, na form four yangu na kozi ya miezi mitatu, nilikuwa ndiye IT wa kiwanda kimoja pale Igogo. Swichi zenyewe tatu tu, lakini nilitembea kama nimemeza antena.

Swichi, kwa wasiojua, ndiyo inayounganisha kompyuta za ofisi. Niliweka njia ya kuziangalia nikiwa mezani. Neno la siri la kwanza lilikuwa la kuangalia tu. La pili la kubadilisha, nalo lilikuwa langu.

Bosi naye akataka kuona. Nikampa lile la kuangalia.

"Kijana, yaani wewe ubadilishe, mimi mwenye ofisi nichungulie kama mlinzi?"

Nikacheka, nikampa na la pili. Ningemnyimaje bosi?

Wiki hiyohiyo wakaja wageni. Bosi, tai imemkaba, akawaonyesha ufundi wake kwenye skrini. Bonyeza hapa, bonyeza pale, akakata mawasiliano ya chumba cha kufungashia. Lebo za maboksi ya minofu hazikuchapwa. Ndege ikaondoka bila samaki wetu.

Mchapa lebo alikuwa Kulwa, rafiki yangu. Bosi akadai Kulwa kachezea kebo. Mimi nilishafungua swichi na kuona amri imetoka kwenye kompyuta ya bosi.

Kikaitishwa kikao, nikaulizwa nani kakata mawasiliano. Nikajibu, "Bado nachunguza, mzee."

Uchunguzi gani huo, hata mimi sijui.

Kulwa akafukuzwa kazi.

Sasa, pacha wake Doto alikuwa mchumba wangu. Nikaenda kwao Pasiansi kumweleza ukweli, nikidhani nitasifiwa kwa kukiri.

"Ungeyasema kule kikaoni," akaniambia. "Hapa sebuleni yanamsaidia nini kaka yangu?"

Vijana wa IT, anayetaka kuangalia mpe kuangalia, hata awe nani. Na ukiulizwa unachokijua, kiseme hapohapo. Mliowahi kumnyima bosi neno la siri mkabaki kazini, tupieni hapa chini mlimwambiaje.

Posa yangu ilirudishwa wiki ile. Doto aliolewa Sengerema. Mimi sijaoa mpaka leo.