Jinsi binti yangu alivyocheza healer kwa mkono mmoja, Bwiza, wakati wa vita

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, mlioamka na ambao hamjalala tangu jana.

Kila wiki humu kwenye jukwaa la magemu naona kijana anauliza: anayeanza achague build gani, yaani mgawo gani wa pointi, na keys azipange vipi? Na kila wiki mnamcheka kwanza ndipo mnamjibu.

Mimi ni mzee, mwalimu wa madrasa, mvi zimenijaa. Kwenye hesabu zenu za damage sina cha kuongeza. Nina jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu, na ninalisimulia nikijua kuna siku nitaulizwa kila nilichokisema.

Ilikuwa Bujumbura, mtaa wa Bwiza, vita vikielekea mwisho. Sisi hatukujua kwamba vinaelekea mwisho.

Binti yangu Zaituni alikuwa fundi cherehani. Siku moja alipeleka gauni la bibi harusi kwa mteja kule Ruziba, kando ya ziwa, na bomu likaanguka njiani. Mungu alimrudisha kwetu akiwa hai. Mkono wake wa kulia ulikatwa chini kidogo ya kiwiko.

Kidonda kilipona. Yeye hakupona.

Alifunika cherehani kwa kitenge, akahamia chumba cha ndani. Wageni wakija, hatoki. Kula kwa mkono wa kushoto kulimtia aibu mbele ya watu, ingawa nilimwambia kwamba Mungu hamdai mtu asichokuwa nacho. Akawa anakula kidogo tu, ili mama yake asilie.

Nimefundisha watoto wa watu subira maisha yangu yote, na ndani ya nyumba yangu nilikosa la kusema. Niliogopa nitamzika mtoto ambaye daktari ameshasema amepona.

Sasa, chumba cha mbele cha nyumba yetu alikuwa amekipanga Swaibu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, mtu mzima mwenye familia yake. Alifungua cyber. Mlango wa mbele unatokea barabarani, wa nyuma unaingia uani kwetu.

Humo alikuwa na gemu moja ya mtandaoni, nyepesi, kwa sababu intaneti yetu ya wakati ule ilikuwa inatambaa. Unaunda mtu wako, unampa kazi, unatembea naye kwenye nchi isiyokuwepo, pamoja na watu waliopo kweli, wengine Brazil, wengine Poland. Mwanzoni niliona ni upuuzi. Lakini mtu anayezama hachagui wa kumshika. Nikamwomba Swaibu amwite dada yake, amfundishe.

"Apana, Baba mukubwa," akasema. "Ukimuita hatakuja. Cheza we kwanza. Akisikia unashindwa, atakuja mwenyewe."

"Na nisiposhindwa?"

Akanitazama kwa heshima yote. "Baba mukubwa, utashindwa."

Nikaunda mtu wa kutumia upinde. Nilipewa pointi za kugawa: nguvu, uhai, akili, wepesi. Nikazigawa sawasawa, nikaona nimetenda haki. Kisha nikatoka nje ya mji, kuna kuku wamewekwa pale ili wageni wajizoeze. Kuku wa kwanza akaniua.

Kila nikifa nilikuwa nasema innalillahi kwa sauti. Wateja wa Swaibu walikuwa wanainamisha vichwa wasicheke.

Nilifanya hivyo siku kadhaa. Sikuwa naigiza, wakuu. Ndivyo nilivyokuwa nacheza.

Mchana mmoja nikasikia sauti mlango wa nyuma. "Baba, umekufa tena?"

"Kuku huyu ana nguvu, mama."

"Kuku hana kitu. We umegawa pointi kama nyama ya Idd, kila nyumba kipande. Ndo maana huna nguvu popote."

Akaja akasimama nyuma yangu, mkono ameuficha ndani ya mtandio. Nikainuka taratibu kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Akakaa.

Swaibu akampa healer. Katika gemu ile healer anaitwa priest, na picha yake ina msalaba mdogo kifuani. Zaituni akaitazama, kisha akanigeukia. "Baba, nimekuwa padri."

"Wa dini gani?"

"Haijaandikwa. Kazi yake kuponya watu."

"Basi endelea."

Vijana mnaoanza, hapa ndipo penye jibu lenu la build. Pointi zake aliziweka nyingi kwenye akili, ili uponyaji uwe mkubwa, zilizobaki kwenye uhai, ili asife yeye kwanza. Nguvu hakuipa hata moja. Ukiwa healer hata hodari watakungojea, na utajifunza gemu ukiwa nyuma yao, polepole.

Kazi ilikuwa kwenye keys.

Mouse ilitaka mkono wa kulia. Swaibu akatafuta mwongozo wa Kiingereza unaosema unaweza kucheza bila mouse: tembea kwa W, A, S, D, na uponye kwa namba 1. Zaituni akaweka vidole kama picha ilivyoonyesha. Padri akazunguka, akarudi nyuma, akatumbukia mtoni. Akibonyeza 1, hakuna kitu. Akafa, na wenzake wakafa.

Tulihangaika hapo mpaka tulikaribia kuacha. Wakuu, mwongozo ule uliandikiwa kibodi za Waingereza. Sisi Burundi kibodi zetu ni za Kifaransa. W iko chini pembeni, A iko mahali pa Q, na namba hazitoki mpaka ubane Shift. Tulikuwa watu watatu tunaozitazama clavier hizo kila siku, na hakuna aliyeliona mapema.

Mwishowe aliyeliona ni Zaituni. Akafungua settings, akakaa nazo kama alivyokuwa akikaa na kitambaa cha ghali kabla ya kukikata. Kutembea akaweka Z, Q, S, D. Kuchagua mgonjwa akaweka A. Kuponya akaweka kwenye ile key ndefu ya chini.

"Kwa nini hapo?" Swaibu akauliza.

"Dole gumba halina safari. Linalala pale pale."

Baada ya hapo alikuja kila mchana. Wala hakuficha mkono tena, angalau mbele yetu sisi na ile kompyuta.

Ikafika siku moja baada ya adhuhuri. Yuko na wageni wanne ndani ya pango, wanapigana na joka. Milimani mabomu yakaanza. Swaibu akafunga mlango, wateja wakalala sakafuni. Nikamwambia, "Zaituni, shuka chini."

Hakugeuka. "Ngoja, Baba. Nikiacha watakufa."

Nikakaa chini kando ya kiti chake, shahada ikiwa mdomoni, nikiangalia kidole gumba. Kinapanda, kinashuka. Juu yetu watu walikuwa wanauana, na mwanangu, kwa vidole vitano, alikuwa anawazuia watu asiowajua wasife. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Sijui nilipe jina gani.

Joka likaanguka. Milimani pia pakatulia. Wale wanne wakaandika asante, na mmoja akauliza: unatumia keys gani, mbona huchelewi?

Akamwandikia zote, herufi moja moja. Yule akashangaa, mbona zote ziko upande mmoja?

Zaituni akaandika: nina mkono mmoja.

Tangu Ruziba hakuwa amelitamka hilo kwa mtu yeyote.

Mmoja wao akaandika: basi sisi wenye miwili tuna kisingizio gani? Zaituni akacheka, mpaka mama yake akaja mlangoni kuona kuna nini.

Wiki ile alifunua cherehani. Gurudumu la kuanzishia liko kulia. Alilitazama sana, kisha akalisukuma kwa kile kipande cha mkono kilichobaki, mguu ukapokea mwendo, kitambaa akakiongoza kwa kushoto.

"Hii nayo ina settings," akaniambia.

Kitu cha kwanza alichoshona ni kanzu yangu ya Idd. Mshono una mawimbi, na mfuko ameuweka kushoto. Nilipapasa kulia siku nyingi. Nilipomuuliza, akasema, "Zoea, Baba. Nimehamisha key."

Nilichojifunza ni hiki. Anza na healer. Usigawe pointi kama nyama ya Idd. Na usipange keys kwa mkono wa aliyeandika mwongozo, panga kwa mkono ulionao, na ile ya kuokoa watu iweke pale kidole chako kinapolala.

Wakuu, nanyi niambieni heal yenu iko wapi, na kwa nini. Nitasoma zote, hata za matusi.

Mfuko wangu bado uko kushoto.