Mkimbiaji Aliyefungua Lango

Ungeniona juzi kule Al Wakrah, mji jirani na Doha, ungedhani nimepotea. Nilirudi Doha kwa suti kamili, tiketi nimelipiwa na wateja wangu, mimi niliyeosha vyombo hotelini nikajilipia karo ya diploma bila mjomba wala harambee. Nikasimama penye uwanja wetu wa zamani. Sasa ni maegesho ya magari. Hakuna hata mstari wa chokaa uliobaki.

Hapo ndipo ilipochezwa ligi yetu ya vyuo. Vyuo vinne vidogo, kila Ijumaa alasiri msimu wa baridi: mbio, mpira wa wavu, mchanga kwenye meno, na karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi. Mimi nilikuwa katibu wa timu. Orodha ya wakimbiaji niliiandika kwa mkono wangu. Na kwa kuwa ni Mkenya, ilibidi nikimbie. Nilikimbia mara moja tu.

"Mkenya gani wewe?" Wakenya wa vyuo vingine walinizomea. "Unahema kama kiyoyozi kibovu!"

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwa askari mmoja. Alikuwa mlinzi wa lango la jengo moja mtaa wa Najma, mtu wa kwetu, na kila Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huko, tuliketi benchi moja kanisani, mtaa wa Mesaimeer. Alikuwa akikimbia kabla ya zamu, kwa kujifurahisha. Nikamwandikisha kwa jina la mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa. Mchezaji wa kuazima hivyo kwetu tunamwita mamluki, na tangu shule ya msingi nilijua ni udanganyifu.

Alisita. "Mdogo wangu, kampuni ikijua, nitapandishwa ndege."

"Nani atajua?" nikamjibu.

Siku ya fainali aliwaacha wote mbali. Tukambeba mabegani. Medali shingoni, anacheka, mara gari la mgeni wa heshima likafika langoni na kupiga honi moja. Askari akaruka chini, akachomoka mbio, akafungua lango, akakakamaa na kupiga saluti. Kisha akainama dirishani: "Kitambulisho, bwana mkubwa."

Uwanja mzima ulicheka. Halafu Wakenya wale wakaelewa. "Mamluki! Huyo ni soja wa lango! Mamluki!"

Mwalimu wa michezo akaniita mbele ya waamuzi. "Katibu, unamjua huyu?"

"Alikuja na jina hilo, mwalimu. Mimi simjui."

Askari alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, jasho bado linamtiririka. Alinitazama kidogo tu.

"Ni kweli," akasema. "Hatujuani." Akavua medali, akanikabidhi.

Wiki hiyo hiyo alirudishwa nyumbani. Vyuo vikagombana, kimoja kikajitoa, kingine kikafuata, na msimu mwingine haukuja. Mimi nilimaliza masomo, nikavaa joho, nikapigiwa makofi. Kumtafuta ningeweza, kijijini kwao ni mwendo wa saa tatu kwa gari langu. Sijaenda.

Tuliosoma pamoja bado hukutana, na wote husema ligi iliuawa na soja mmoja mwongo. Kisha huniomba mimi, msomi wao, niwasimulie tena kisa kile. Nakisimulia vizuri, wanacheka mpaka machozi. Huwa naishia pale kwenye saluti.