Matembele yenye kukunywaka mayi ya lutuku

Bantu, leo nilitaka kufa na haya!

Munakumbuka vile niligombana na Mama Ngoie, voisine yangu wa nyumba ya pembeni, mwenye kupikaka lutuku, ile pombe kali? Mayi ya moto na ya bukali yenye inabakiaka mu fusti yake, ile pipa ya kupikia, ilikuwa inaingia mu bustani yangu, inaniulia matembele.

Kisha matembele ikaota tena, majani makubwa! Minyi nikasema: njo novena yangu, sala yangu ya siku tisa, Mungu ameisikia. Dimanche yenye ilipita, mu misa, nikaipeleka ku altare, mu matoleo.

Leo asubui natoka, namukuta Mama Ngoie mu bustani yangu na ndoo.

— Weye tena!

— Onja kwanza, mama.

Nikatia kidole mu ndoo, nikaonja. Bukali ilikwisha! Kumbe alichimba mashimo tatu: mayi inapola, inapita mu majivu, kisha mu muchanga. Tangu tuligombana, ananyweshaka mboga yangu mbele ya minyi kuamuka.

— Juu ya nini haukuniambia?

— Ungekatala.

Kweli, ningekatala.

Asanti, Mama Ngoie. Dimanche tutabeba kitunga ya matoleo pamoja, weye upande huu, minyi upande ule.

Lakini mon père, padri wetu, anasema ile matembele ilikuwa tamu sana. Akiuliza inakunywaka nini, nimujibu nini?