Pipa la Mvua na Malaika wa Fundi Saa

Kwa moyo mzito na kwa mapendo ya taifa, tunawatangazia wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba katika mji wetu wa Kalemie wamezaliwa malaika thelathini na wanane.

Kila mmoja ana ukubwa wa chawa.

"Hiyo Kiswahili ni mingi sana kwa samaki," anasema Papa Norbert baada ya mwandishi wa gazeti hili kumsomea mwanzo huo. Anafikiri kidogo. "Lakini soma tena."

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Papa Norbert, fundi saa mwenye miaka hamsini na mmoja, amepiga magoti sebuleni kwake na pampu ya baiskeli, anajaza upepo mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Kutoka kwenye mpira huo unatoka mrija mwembamba unaoingia katika sanduku la kioo, na mapovu yanapanda moja moja. Kati ya mapovu wanapita samaki wawili bapa kama visahani, wenye mistari myeusi na mapezi marefu kama kanzu ya padri. Hao ndio samaki malaika. Watoto wao wako pembeni, ndani ya bokali, chupa ya mdomo mpana iliyokuwa ya pipi.

Tangu 1972 majina ya Kikristo yamekatazwa, kwa hiyo gazeti hili la internat, shule yetu ya bweni, linamwita Mwananchi Mwamba. Mtaa mzima unamwita Papa Norbert, lakini sisi hatukuandika hivyo.

Samaki hawa si wa ziwa letu. Aliwaleta Mgiriki mmoja mwenye duka, ambaye saa zake zote zilitengenezwa na Papa Norbert. Mwaka juzi, alipofunga duka na kuondoka, alifika hapa na ndoo mkononi.

"Akaniambia, 'Norbert, saa nachukua, samaki siwezi.' Walikuwa sita. Mimi nikawatilia maji ya ziwa. Ni maji, si ndiyo? Juma moja, wanne wakakufa."

Maji ya ziwa ni makali kwao. Wao ni watu wa mito ya mbali, yenye maji laini. Tangu siku ile wanakaa katika maji ya mvua tu, yanayotoka juu ya mabati na kuingia katika pipa moja nyuma ya nyumba. Pipa hilo hilo linawalisha, maana limejaa viluwiluwi vya mbu. Sasa ni Juni. Mvua ya mwisho ilinyesha Mei, na nyingine haitarajiwi kabla ya Oktoba.

"Pipa likiisha, nao wameisha," anasema.

Mke wake, Mama Virginie, ana mawazo yake kuhusu pipa. "Maharagi inaiva mbio na maji ya mvua. Mimi napika na maji ya bomba, saa tatu nzima, na samaki wanaoga! Hata kuwakula hapana."

Mara sita dume na jike walitaga, na mara sita waliyala mayai yao wenyewe. Mara ya saba Papa Norbert hakuwasubiri. Walikuwa wametaga juu ya kibao cha shule cha binti yake, Mado, kilichosimamishwa ndani ya maji, naye akakitoa na kukihamishia ndani ya bokali. Kisha akavaa lenzi yake jichoni, akashika koleo anayoshikia magurudumu ya saa, na kila siku akang'oa yai lililogeuka jeupe kabla halijaambukiza mengine. Vifaranga anawalisha kiini cha yai la kuku, kilichochemshwa na kukamuliwa katika kitambaa, kidogo sana, mara nne kwa siku.

"Saa ikiharibika, naifungua tena," anasema. "Hawa, ukikosea mara moja, njo basi, wamekufa."

Siku ya tatu ya matembezi yetu, mambo yakawa mabaya. Ajenti wa usafi, Mwananchi Banza, alisimama uani na kidumu cha mafuta ya taa.

"Papa, nimesikia hapa munafuga mbu."

"Tunafuga samaki."

"Na hii ndani ya pipa ni nini? Watoto wa mtaa wanaugua homa. Namwaga mafuta."

Alikuwa na haki, na kila mtu uani alilijua hilo. Aliyesogea ni Mama Virginie. Alikaa juu ya kifuniko cha pipa, akakunja kitenge chake vizuri, akamgeukia ajenti.

"Mwaga, Papa. Anzia juu ya kichwa changu."

Hapo fundi naye akasogea, akamwinua mke wake. Alionyesha chandarua kilichofungwa mdomoni mwa pipa, chini ya kifuniko, kinachofunguliwa kidogo jioni tu, mbu watage. Alichota viluwiluwi na kichujio cha chai, akamwongoza ajenti sebuleni, akavimwaga ndani ya kioo. Kabla Mwananchi Banza hajakohoa mara moja, hakikubaki hata kimoja.

"Kila asubuhi hivi," alisema Papa Norbert. "Sijaacha hata mmoja apate mabawa."

Ajenti aliinama hadi pua ikagusa kioo. Aliangalia muda mrefu. "Lakini hawa wanafanya kazi yangu," alisema. "Na wanavaa vizuri kunipita." Kidumu kilikuwa tayari kimewekwa chini. Aliomba wawili, wakikua.

Atapewa. Papa Norbert anataka kuunda kioo cha pili, akiweke barazani wanaposubiri wateja. "Mutu akiangalia samaki, haulizi saa yake itaisha siku gani."

Kabla ya kuondoka, ajenti alitoa mfukoni barua iliyomleta, isiyo na jina, akaisoma kwa sauti: "Kwa moyo mzito na kwa mapendo ya taifa, tunawatangazia kwamba hapa kuna pipa la mbu..."

Papa Norbert alivaa lenzi yake jichoni. Akageuka polepole, akamtazama mwandishi.

Basi. Barua niliiandika mimi. Siku mbili nilikuwa nimekaa pale na kila kitu kilikwenda vizuri, na makala ya namna hii inahitaji taabu. Sikuiona, nikaiagiza. Sikujua kwamba itakuja na mafuta ya taa.

Papa Norbert hakupiga kelele. Alinipa pampu. Hadi mvua ya Oktoba, mpira ule naujaza mimi, asubuhi na jioni. Akasema pia niandike yote haya, lakini safari hii bila moyo mzito.

Kwa moyo mwepesi, basi: ni mimi. Na malaika bado ni thelathini na wanane, nimewahesabu leo.