Kahawa ya Jiwe

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mikono yangu haikujua kutulia. Nyuma ya nyumba yetu, Kituntu, kati ya migomba, kulikuwa na jiwe kubwa ambalo Bibi alisema ni kiti cha wazee waliotangulia. Kila Jumapili akitoka kanisani aliliwekea kahawa ya kutafuna juu ya jani la mgomba.

"Ukila hiyo, jiwe litakudai," aliniambia.

Nikaila. Nilipoona sijafa, nikaimaliza na ile ya kwenye kopo ndani.

Wiki hiyohiyo mvua ikala udongo, jiwe likateleza na kumbana mguu kaka yangu Projesti, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Baba alikuwa mnadani. Mama na Bibi walisukuma kwa mikono mpaka wakahema.

"Limekasirika," Bibi akasema. "Leta kahawa kwanza."

Mama akakimbilia ndani. Nilimsikia akipekua chungu kwa chungu, akitafuta kitu kilichokuwa tumboni mwangu. Ningesema neno moja tu angeacha. Sikusema. Projesti alikuwa ameshaacha kulia.

Mwishowe Mama alitoka na mtaimbo wa Baba. Akauchomeka chini ya jiwe, akaulaza juu ya kijiwe, akakandamiza. Wapi. Akakisogeza kijiwe karibu zaidi na jiwe, kisha akaniita. "Njoo huku mwisho kabisa. Ning'inia."

Nikaning'inia, mtoto mwembamba vile, na jiwe likainuka taratibu. Bibi akamvuta Projesti.

"Limekubali," alisema.

Shuleni baadaye nikafundishwa wenzo na egemeo, na sikuwa na swali. Juzi tu vijana watatu walishindwa kufungua nati ya gurudumu la pikapu yangu. Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nikaifungua peke yangu. Wakacheka, wakaniita fundi. Mimi nilikuwa nawaza kwamba mtaimbo ulikuwa nyuma ya mlango muda wote ule, Mama akihangaika na vyungu.

Daktari alisema mguu ulibanwa muda mrefu mno, hautarudi kuwa kama zamani. Bibi alikufa akiamini jiwe lilidai chake, na siku hizi siwezi kumbishia. Ila lilikosea mdaiwa.

Projesti huja kunisalimia Jumapili. Akishuka kwenye pikipiki hutanguliza mguu mzima, na mimi hapo hapo natafuta sufuria ya kuosha, nisiuone ule mwingine.