Mishale Niliyoichonga Mlango Ukiwa Umefungwa

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu ameniomba niandike haya kwa ajili ya wanaoanza dawa na kukata tamaa. Nimekubali, ingawa nilimwonya kwamba sina maneno matamu. Mimi ni Hamisi wa Ujiji, mjukuu wa mtu aliyevuka kutoka Kongo. Niko hai. Lijueni hilo kwanza.

Kabla ya kuugua sikuwa mtu wa kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, na wazazi walitaka niwe karani. Mimi nikaenda kupakia mawese Mwandiga, kisha kununua dagaa Kagunga, nikilala popote giza liliponikuta. Nilipanda vilima vya Kagunga na gunia kichwani huku napiga mluzi. Mpaka leo nikisikia injini ya boti asubuhi, miguu huniwasha.

Miaka ile wakimbizi wa Kongo walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi, nilipata kibarua cha kushusha mahindi ya msaada kwenye kituo chao cha mapokezi. Huko nilimkuta Mwalimu Kitoko, aliyekuwa akifundisha historia kwao Kongo. Vita vilimwachia shati moja na ufundi mmoja aliojifunza kwa watafiti waliowahi kuchimba mambo ya kale kijijini kwake: kuvunja mawe na kutoa vichwa vya mishale, kama walivyofanya watu kabla ya chuma. Alikaa nje kwenye upepo, kipande cha tairi juu ya paja, akigonga jiwe jeupe kwa jiwe jingine la mviringo mpaka vibanzi vibanduke. Kisha alichukua ncha ya pembe ya mbuzi, akaukandamiza ukingo kidogo kidogo, mpaka jiwe likapata makali na masikio mawili ya kufungia kwenye mti wa mshale.

Nikamwomba anifundishe. Mawe yangu ya kwanza yote yalikatika katikati.

"Jiwe haipendake haraka, ndugu yangu," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao. "Weye unapiga kama unaua nyoka."

Nikapunguza mkono. Mimi nisiyetulia popote, nilitulia pale. Sikuwa na mnyama wa kuwinda wala mtu wa kumuuzia. Nilipenda tu kuona jiwe likinitii. Baadaye Mwalimu alipelekwa kambini, mbali na ziwa. Sikumwona tena.

Niliendelea peke yangu nyumbani Buzebazeba, mtaa wetu wa Ujiji, uani. Ndipo maneno yakaanza. Jirani yetu mmoja alishikwa na kichomi, akilia kwamba kitu kimemchoma ubavuni. Watu wakatazama ua wetu. Kwetu mtu akichomwa ubavu na hakuna aliyeona kisu, huulizwa nani ana mshale. Na mishale ilikuwa kwangu, imepangwa juani.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa upole. "Hamisi, mimi najua ni mchezo wako," alisema. "Lakini watu hawajui. Fanyia ndani."

Nikafanyia ndani. Nilifunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia. Kabla ya kila pigo ukingo lazima usuguliwe kwa jiwe la kukwaruza, na hapo hutoka vumbi laini kama unga wa muhogo. Uani lilichukuliwa na upepo. Chumbani nililivuta mimi. Misimu kadhaa ya mvua ilipita hivyo, na majirani wakanisalimia vizuri.

Kikohozi kilianza kikavu. Kisha nikatoa kohozi la kijivu, kama maji yaliyooshea sufuria. Nilianza kuhema nikitoka chooni. Godoro lililowa jasho. Mbavu zikahesabika, na suruali nikaifunga kwa kamba. Siku niliyotema damu kwenye beseni, mke wangu, Mama Tatu, aliimwaga upesi watoto wasione.

Ndugu zangu walikaa kikao bila kuniuliza. Walisema mishale imemrudia mwenyewe, na hospitali haitoi mishale. Nikapelekwa kwa mganga, ng'ambo ya Mwandiga. Alinichanja kifuani kwa wembe, akabandika pembe, akanyonya mpaka macho yakamtoka. Alipoibandua, pamoja na damu nzito kilidondoka kichwa cha mshale, cheupe. Ndugu zangu wakamshukuru Mungu kwa sauti.

Mimi nilikiokota. Sikio moja lilikuwa fupi. Nilikumbuka jinsi lilivyonivunjikia na nilivyojaribu kulirekebisha. Jiwe lile lilikuwa kwenye kopo langu juu ya kabati, halikuwahi kukaa kifuani mwa mtu.

Tulipobaki wawili nilimuuliza Mama Tatu. Hakuficha.

"Nilimpelekea mimi, Baba Tatu. Alisema bila kupewa moja hawezi kuyaita mengine."

"Sasa yako wapi mengine?"

Akasema, "Labda yako mbali," akaanza kulia.

Nilitaka kumpiga, na sikuwa na nguvu hata ya kuinua mkono. Kwa ndugu zangu nilikuwa nimeshapona. Kila nilipokohoa walisema ni uchafu unaomalizikia. Wiki zikapita hivyo, nikitema damu huku napongezwa. Mwisho nilimwambia Mama Tatu anipeleke hospitali au anichimbie kaburi, achague. Alinishika mkono tukaondoka bila kuaga mtu.

Daktari, mama wa makamo, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. Aliuliza kama nimefanya kazi mgodini. Nikasema hapana. Kuponda kokoto? Hapana. Nikamwambia natengeneza mishale ya mawe.

"Unamwinda nani?" aliuliza. Nilicheka, nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Alinieleza kwamba vumbi la jiwe limeyatia mapafu makovu, na kifua kikuu kimepata pa kukaa. "Kifua kikuu tutakitoa," alisema. "Vumbi halitoki. Utaishi nalo."

Ndugu yangu unayeanza dawa, sitakudanganya. Mkojo utakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Viungo vitauma, na vidonge utavitapika kabla havijashuka. Meza tena. Mimi nilimeza miezi yote, nikatoka na makohozi safi na nyama mwilini. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru na muuguzi aliyenigombeza kila nilipotaka kuacha.

Vilima vya Kagunga sipandi tena. Nikifika nusu ya ngazi za sokoni nasimama, najifanya natafuta mtu.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Unayeponda kokoto au kuchonga jiwe, kaa nje, lowesha jiwe, funga kitambaa puani. Wakikuita mchawi, waache waite. Salamu zao nilizinunua kwa mapafu yangu.

Mama Tatu bado husema mganga alianza kazi na hospitali ikamalizia. Husema hivyo mbele ya wageni, na wageni huitikia. Sibishani naye. Kubishana kunataka pumzi, na hii niliyobaki nayo nina matumizi nayo mengine.