Diski ya Baba Kutoka Bwera

Baba yangu alikuwa mtu wa kuweka kila kitu cha moto juu ya mtungi wa maji. Chai ikimchoma, juu ya mtungi. Redio ikipata joto, juu ya mtungi. Aliyewahi kukaa kwetu Rukoki wakati wa kiangazi atamwelewa: nyumba yetu ya mabati ilikuwa tanuri mchana kutwa, na kifuniko cha ule mtungi wa udongo ndicho kitu pekee kilichobaki baridi. Basi kompyuta yake ilipopata joto aliipeleka hukohuko, tena ikiwa imewashwa. Siku moja mtungi ukayumba, kompyuta ikaanguka sakafuni. Tangu hapo ukiiwasha unasikia kitu kinagonga-gonga tumboni mwake, na kioo kinabaki cheusi.

Mimi, binti yake, nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa kahawa mjini Kasese, kwa hiyo pale nyumbani nilihesabiwa kuwa fundi. Nilijua mara moja kwamba iliyokufa ni diski, pale panapokaa kila kitu ulichoandika. Nikamgombeza baba yangu mzima kama mtoto aliyevunja sahani. Yeye aliniuliza tu kama watu wake bado wamo.

Watu wake walikuwa ukoo wetu. Tangu mama afariki, baba, mwalimu mstaafu, alikuwa akiandika habari za ukoo kwa lugha yetu ya Lhukonzo, kwa vidole viwili, akianza na babu wa kwanza aliyeshuka mlimani na kuteremka mwana kwa mwana, kama desturi inavyotaka. Alikuwa bado hajaikaribia nyumba yake mwenyewe, yaani yeye na mama. Na sukari ilikuwa inamla macho; daktari alishamwambia hayatarudi yalivyokuwa. Nilimwombea amalize kabla hayajazima, kwa sababu ile kazi ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Sikuwa na dawa nyingine ya kumpa.

Tukaenda Bwera, mji wa mpakani, kwa Mkongo mmoja aliyekuja kutoka Butembo na kuuza vipuri vya kompyuta karibu na wabadilisha fedha. Yeye alikuwa Mnande, sisi Wakonzo, na lugha zetu zinasikilizana vizuri kabisa. Lakini baba alimsalimia kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili, na mimi sikushangaa. Pale mpakani ndivyo biashara inavyofanywa. Ukianza na lugha ya nyumbani, kabla hamjafika kwenye bei mmeshaulizana ukoo, mmekuwa ndugu, na ndugu humwambii kwamba bidhaa yake ni mbovu.

Alitupangia diski juu ya meza. Baba akashika kubwa kuliko zote, ya kizamani, nzito.

“Mimi nataka hii,” akasema. “Watu yetu ni mingi.”

Mfanyabiashara akacheka, akamwekea mkononi nyingine nyembamba, nyepesi kama kipande cha mkaa. “Papa, famille yako yote itaingia mu hii, na nafasi itabakia. Tena hii haiko na kitu ya kuzunguka ndani. Ikianguka, haina neno.”

“Chukua hiyo, Baba,” nikasema. “Itaanguka tu.”

Baba alinitazama kwa jicho la ualimu, lakini akaikubali. Wakavutana bei kwa raha zao, kila mmoja akitangaza kwamba mwenzake anamuua. Kisha nikatoa ile diski ya zamani, nikamwomba yule bwana aijaribu kwenye mashine yake, tuhamishe yaliyomo. Akaiunganisha kwa waya. Ikagonga. Akaichomoa, akaichomeka tena, akaiinamia na kuisikiliza. Ikagonga, kisha ikanyamaza.

“Copie iko fasi gani, papa?” akauliza, yaani nakala nyingine tumeiweka wapi.

“Kwa kichwa,” baba akajibu.

Yule bwana akafuta mikono yake kwa kitambaa. Akavuta kiti, akakaa mbele ya baba, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema naye kwa lugha ya nyumbani. Alimwambia polepole kwamba hakuna kitu kitakachotoka mle, wala Bwera, wala Butembo, na kwamba anampa pole kama mtu aliyefiwa. Baba akamshukuru kwa lugha ileile. Mimi niligeuka kutazama bodaboda barabarani, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Tukashika njia ya kurudi Rukoki. Pale Kikorongo njiani, ambapo baba hajawahi kupita bila kununua samaki wa kukaanga, hakugeuza hata kichwa.

Kesho yake mchana niliilaza kompyuta kifudifudi mezani, nikatoa betri, nikafungua skrubu za mgongoni nikiziweka kwenye kisahani ili zisipotee. Nikavuta diski ya zamani kutoka kwenye kitanda chake cha bati, nikafunga mpya mahali pale, nikaisukuma mpaka ikaingia. Baba alikaa pembeni akinishikia kisahani. Nikaiwekea programu upya. Ikawaka upesi kuliko ilivyowahi kuwaka, safi, tupu kabisa.

“Haya, Baba. Anza.”

“Nikianza kwa wazee tena,” akasema, “nitafika nyumbani kwangu lini, mama? Na macho hii?”

Nilikasirika, nadhani niliukasirikia mtungi, nikaenda nje kumenya mihogo. Nilimenya mingi kuliko tuliyohitaji. Niliporudi kuchukua sufuria, baba alikuwa ameivuta kompyuta mpaka karibu na pua yake, na vidole vile viwili vilikuwa vinatafuta herufi.

Nikasoma nikiwa nyuma ya bega lake. Mababu hawakuwepo, hata mmoja. Ukurasa ulikuwa na sentensi moja tu: “Mke wangu alizaliwa mlimani kwenye baridi, na aliishi na mimi hapa chini kwenye joto maisha yake yote bila kulizoea.”